Kabla ya sanamu, Mekatilili alikuwa bibi wa watu

Jina tunalomwita si lile alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa Mnyazi, binti wa Menza. Mekatilili ni jina la uzazi, maana yake mama yake Katilili, kama vile sisi huku mitaani tunavyomwita mwanamke Mama Swaleh au Mama Zuhura mpaka majirani wakalisahau kabisa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Naanzia hapo kwa makusudi. Bibi huyu ametiwa katika vitabu vya shule, bustani imepewa jina lake, na kila Oktoba wanasiasa humtaja majukwaani. Katika yote hayo amekuwa kama simba wa hadithi, mtu asiyekuwa na nyumba ya kufagia wala goti la kumuuma. Mimi nataka kumwandika kama mama wa mtu, mjane wa makamo aliyejitolea kwa jamii yake bila ya cheo wala mshahara, na akalipia kwa kutenganishwa na watu wake mara mbili.

Alizaliwa Mutara wa Tsatsu, upande wa Bamba, katika Kilifi ya leo. Vitabu vyengine vyaweka kuzaliwa kwake miaka ya 1840, vyengine miaka ya 1860. Watoto wa Menza walikuwa watano, naye ndiye msichana peke yake. Masimulizi yaliyohifadhiwa na Wagiriama yasema kuwa mmoja katika kaka zake, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa utumwa na hakuonekana tena.

Hapa najua wapo wasomaji wangu watakaotaka nipite mbio. Sitapita mbio. Waliokuwa wakinunua na kuuza watu katika mwambao huu walikuwa Waarabu na Waswahili. Majina yao ni majina yetu, misikiti yao ndiyo tunayoswalia. Mashamba ya Malindi, Mambrui na Takaungu yalilimwa na watumwa. Wengi waliletwa kwa majahazi kutoka kusini, lakini watoto wa Mijikenda nao walichukuliwa, na miaka ya njaa wengine waliwekwa rahani katika nyumba za mjini kwa vibaba vya nafaka, na si wote waliokombolewa. Sultani Barghash alikubali kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873, lakini katika ukanda huu wetu utumwa uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka 1907. Tukitaka kumwita Mekatilili bibi yetu sote wa Pwani, kama tunavyopenda kusema siku hizi, basi lazima tukubali kwamba maisha yake yanaanza na ndugu aliyepotea, na kwamba njia aliyopotelea ilipita mlangoni kwetu.

Lakini pia haikuwa uadui peke yake. Wagiriama walikuwa mabingwa wa pembe za ndovu, na pembe zao zilifika ulimwenguni kupitia kwa Waswahili wa Takaungu na Malindi. Walikuwa wakulima hodari, mtama na mahindi yao yalilisha miji na kupakiwa majahazini. Watu walichanjiana, wakaoana, wakatibiana, wakataniana. Watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia Fuladoyo na Jilore, ndani ya nchi ya Wagiriama, na huko wakapata pa kuishi. Njaa ya 1898 hadi 1900, ile inayoitwa Njaa ya Magunia kwa sababu ya magunia ya mchele wa msaada, iliwaumiza watu wa bara ya Pwani, na mjini nako ikahisika. Mnyazi alikuwa mtu mzima wakati huo. Aliishi katika ulimwengu ambao Mswahili alikuwa mnunuzi wake, mkopeshaji wake, pengine mtani wake, na wakati huo huo mtu wa kuchungwa. Nafikiri mtu aliyekulia hapo hujifunza mapema kupima maneno ya mgeni anayekuja na tabasamu.

Aliolewa na Dyeka, akazaa, na mume akafariki. Kuhusu miaka hiyo ya nyumbani hatuna mengi, maana hakuna aliyekaa na kalamu kuandika maisha ya mke wa mkulima. Ujane, hata hivyo, ulimfungulia mlango. Mambo ya Wagiriama yaliamuliwa na wazee wa kambi, wanaume, waliokaa kayani. Wanawake walikuwa na vikao vyao, na nguvu zao zilikuwa katika mambo ya uzazi, misiba na mila za kike, lakini mwanamke hakusimama tu mbele ya baraza la wanaume akahutubia. Mjane mtu mzima alikuwa na nafasi kidogo zaidi. Hakuwa na mume wa kuulizwa kwa nini mkewe anazunguka vijiji, na umri wake ulimpa heshima ambayo mwari hana. Kigiriama humwita bibi, mama wa baba au wa mama, hawe. Alipoingia katika historia, Mnyazi alikuwa wa umri wa kuitwa hivyo na mtoto yeyote wa njiani.

Sasa tutazame kilichomtoa nyumbani.

Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895. Huku ukanda wa maili 10 walikodi kwa Sultani wa Zanzibar, wakaacha maliwali na makadhi wakiendelea na kazi zao, na wengi katika wazee wetu waliona mambo yamebadilika bendera tu. Bara ya hapo hapakuwa na liwali wala kadhi. Utumwa ulipofutwa 1907, mashamba ya Pwani yalipoteza mikono, na wakati huo huo makampuni na walowezi wa Kizungu walikuwa wanataka kulima mpira, pamba na mkonge. Serikali ikatafuta vibarua karibu, macho yakawaangukia Wagiriama, watu wengi, wenye nguvu, walioenea mpaka ng'ambo ya Mto Sabaki. Mwaka 1912 ikamleta Arthur Champion, ofisa msaidizi wa wilaya, akae miongoni mwao. Kazi yake ilikuwa kuhesabu nyumba, kukusanya kodi ya kibanda, kufungua barabara, kuweka wakuu wa vijiji wanaolipwa na serikali, na zaidi ya yote kuwatoa vijana wakafanye kazi mashambani.

Mgiriama hakuhitaji mshahara wa shamba la mtu. Alikuwa na shamba lake, mahindi yake yalikuwa na bei Malindi, na familia iliyopoteza vijana wawili msimu wa kupalilia ilikuwa imepoteza chakula cha mwaka. Waandishi wa historia ya wakati ule huzungumza sana juu ya mila na kaya, na ni sawa, lakini mimi nadhani tusisahau jembe. Mama aliyekuwa akihesabu mikono ya shambani kwake hakuhitaji kuelezwa siasa. Na kwa Mnyazi kulikuwa na hesabu nyengine ya zamani: kijana aliyechukuliwa na wageni asirudi. Iwapo Champion aliita jambo hilo kibarua na sio utumwa, bibi huyu hakuona sababu ya kumwamini kabla ya kuona vijana wamerudi.

Basi akaanza kutembea.

Hili ndilo jambo ambalo sanamu haiwezi kulionyesha. Hakuwa na farasi, hakuwa na machila. Alikwenda kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, na vijiji vya Wagiriama havikubanana kama nyumba zetu za Kibokoni au Mji wa Kale. Kutoka boma moja hadi jengine ni mwendo, vichaka vya miba, jua la kukausha koo. Alipofika alicheza kifudu. Kifudu ni ngoma ya msiba, huchezwa panapokuwa na maziko, na kila mtu anapoisikia huacha alichonacho na kuja. Inasemekana kuwa aliicheza kutwa, watu wakamfuata wakicheza nyuma yake kutoka kijiji kimoja kwenda cha pili, na kundi likikua. Watu wakishakusanyika ndipo alipozungumza nao: juu ya vijana, juu ya kodi, juu ya wazee waliodharauliwa na wakuu wapya waliouza watu wao kwa ujira wa serikali, na juu ya kaya iliyoachwa ukiwa.

Nimefanya kazi za jamii kwa miaka, na nimekaa katika mabaraza mengi ya kuhamasisha, yale ya viti vya plastiki, maji ya chupa na nauli ya kurudia nyumbani. Najua jinsi ilivyo vigumu kumfanya mtu aje asikilize jambo ambalo halimlipi leo. Bibi huyu hakuwa na bajeti. Alichukua kitu ambacho watu walikuwa nacho tayari, kilio, akakifanya mkutano. Alichagua ngoma ya maziko wakati hapajafa mtu, na kila aliyeisikia alielewa kuwa anaambiwa kuna msiba unakuja. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo akili yake kubwa, zaidi hata ya ushujaa wake, na napenda sana wanaofundisha watoto wetu wangetumia dakika tano zaidi hapo.

Hakuwa peke yake. Pamoja naye alikuwa mzee Wanje wa Mwadori Kola, na wawili hawa ndio waliowaita watu Kaya Fungo, upande wa Kaloleni. Kaya hiyo ndiyo kitovu cha Wagiriama, msitu wenye boma ndani yake, ambako zamani waliishi wote kabla ya kutawanyika kutafuta ardhi. Katikati ya mwaka 1913 wanaume kwa wanawake walikusanyika huko, na viapo vikafanywa. Wanawake walikuwa na kiapo chao, mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi, ambacho kilikuwa kikiogopwa kuliko vyote. Aliyekula aliahidi kutoshirikiana na serikali, asilipe kodi, asitoe kijana wake, asimtii mkuu aliyewekwa na Mzungu.

Mimi kwa dini yangu siapi ila kwa jina la Mwenyezi Mungu, na simwambii msomaji akubali kitu chochote katika kiapo cha fisi. Lakini ukitazama kazi iliyofanya, kiapo kile kilikuwa mkataba. Watu hawakuwa na karatasi wala mahakama ya kuwasikiliza, walikuwa na kitu kimoja tu ambacho kila mmoja alikuwa na yakini kuwa jirani yake hatathubutu kukivunja. Na kilifanya kazi. Maofisa walipoita vibarua, hawakuja. Walipoita wakuu wa vijiji, wakuu wenyewe walikuwa wanaogopa kulala majumbani mwao. Serikali iliyokuwa na bunduki ikajikuta inazungumza na vijiji vinavyonyamaza.

Kuna kisa cha kuku, na nisipokisimulia nitaulizwa. Wagiriama husimulia kuwa katika mkutano wa Agosti 1913 Champion alikuwa akidai vijana, naye Mekatilili akatokea na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia Mzungu ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Alipotia mkono, kuku akamdonoa kwa ukali. Bibi akamweleza kuwa hilo ndilo litakalompata akigusa mtoto wa Mgiriama. Katika baadhi ya masimulizi Champion alighadhibika akampiga risasi kuku yule, na watu wakavurugika. Kisa hiki kimekuwa kama nembo yake, na kinapendwa kwa haki: mtoto wa miaka minne hukielewa. Ila kimemfunika kidogo. Bibi wa dakika moja na kuku mkononi ni rahisi kumkumbuka kuliko bibi wa miezi mingi njiani.

Tarehe 17 Oktoba 1913 akakamatwa, Wanje naye pia. Serikali iliamua kuwatoa kabisa nchini kwao na kuwapeleka magharibi, kule upande wa Ziwa Victoria, ambako hakuna aliyejua lugha yao wala ngoma yao. Mantiki ya serikali ilikuwa sahili: mzee aliye mbali na watu wake ni mzee tu. Hapa bado alikuwa na kila mtu, kule hakuwa na mtu.

Januari 1914 wakatoroka, wote wawili, na wakarudi nyumbani kwa miguu.

Nimejaribu mara nyingi kulipima jambo hili. Kutoka kule magharibi hadi Kilifi ni zaidi ya kilomita 600 hata kama ungeruka moja kwa moja kama ndege, na hakuna bibi anayeruka. Kuna milima, kuna Bonde la Ufa, kuna mbuga zenye simba na ndovu, na mwisho kuna nyika kavu ya Taru, ambayo misafara ya zamani yenye wapagazi na viriba vya maji iliiogopa. Walipita nchi za watu wasiowajua, wakila walichopewa. Lazima mtu fulani aliwapa maji. Lazima mtu fulani, Mkamba au Mmasai au Mkipsigis, aliona wazee wawili wageni wamechoka mlangoni na hakwenda kuripoti. Watu hao hawana majina katika kitabu chochote. Mwanamke wa umri ule, ambaye leo tungemkatalia hata kupanda matatu peke yake kwenda Mombasa, alitembea hadi akafika kwao, na alipofika hakujificha. Akaendelea pale pale alipoachia.

Serikali ikaamua kuwa tatizo ni kaya. Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Miti ikachomwa, milango ikaangushwa. Siku hiyo hiyo, maelfu ya maili kutoka hapo, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, na muda si muda himaya ikawa inataka wapagazi kwa maelfu kwa ajili ya vita vya Tanganyika. Mambo mawili yakakutana juu ya kichwa cha Mgiriama: hasira ya kaya yake iliyolipuliwa, na afisa anayetaka vijana zaidi kuliko mwanzo. Vita vikazuka. Mishale dhidi ya bunduki za askari wa King's African Rifles haikuwa mechi. Wanahistoria wanakadiria kuwa Wagiriama wapatao 150 waliuawa. Vijiji vilichomwa, mbuzi wakachukuliwa kwa maelfu. Serikali ikadai faini ya rupia 100,000 na vibarua 1,000, na ikaamuru walioishi kaskazini ya Sabaki waache ile ardhi nzuri waliyoifungua kwa mikono yao wavuke kusini.

Baadhi ya askari na wakalimani wa serikali katika miaka hiyo walikuwa watu wa Pwani, Waislamu, wenye majina kama langu. Wapo pia wafanyabiashara wa Malindi waliopata hasara kwa sababu nafaka ya Wagiriama ilikatika, na wakalalamika kwa serikali. Mji ulikuwa na pande zote mbili, kama miji yote.

Mekatilili alikamatwa tena mwezi ule ule wa Agosti, akapelekwa uhamishoni mara ya pili. Vita vikapiganwa, vikaisha, bila ya yeye kuwepo. Naona jambo hili hulaumiwa na wale wanaotaka shujaa wao awe na mkuki mkononi. Yeye hakuongoza jeshi. Kazi yake ilikuwa imeshafanyika: aliwafanya watu waliotawanyika vijiji mbali mbali, wenye koo na magomvi yao, wakatae jambo moja kwa pamoja. Na kukataa huko hakukupotea. Wagiriama walilipa kwa damu na mali, lakini katika miaka iliyofuata serikali yenyewe iliona kuwa amri ya Sabaki haiwezekani, ikawaruhusu watu kurudi ng'ambo ya kaskazini. Wajukuu wa waliorudi ndio wanaolima Magarini hivi leo.

Aliporudi yeye mwenyewe, mwaka 1919, alikuwa bibi kizee. Wazee walikuwa wamepata ruhusa ya kuishi tena kayani, naye na Wanje wakaenda kukaa Kaya Fungo. Wanje akawa kiongozi wa baraza la wanaume, na Mekatilili akawa kiongozi wa baraza la wanawake. Cheo, basi, alikipata mwishoni, baada ya kazi, na kilitoka kwa watu wake. Miaka yake hiyo ya mwisho haina makelele. Ni miaka ya bibi anayesuluhisha, anayeulizwa, anayeketishwa mahali pa heshima kwenye msiba. Alifariki mwaka 1924 na akazikwa Bungale, katika Magarini.

Kisha akasahauliwa na serikali zote mbili, ile ya mkoloni na ile ya uhuru, kwa miaka mingi. Wagiriama wenyewe hawakumsahau. Watu wa utamaduni wa Malindi walianza kumfanyia sherehe za kila mwaka, watu wakitembea na kucheza ngoma, na mwaka 2010, mwaka wa katiba mpya na wa Mashujaa Dei ya kwanza, sanamu yake ikasimamishwa Malindi katika bustani inayoitwa kwa jina lake. Kaya za Mijikenda zilikuwa zimeshaingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Watalii hupiga picha. Watoto wa madrasa hupita hapo wakirudi nyumbani wakiwa na juzuu mikononi, na baadhi yao, nimewasikia, huuliza yule bibi ni nani.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike.

Katika maandishi ya maofisa wa kikoloni Mekatilili aliitwa mchawi. Ilikuwa rahisi kwao. Mwanamke mzee, mjane, anayetembea peke yake, anayecheza ngoma ya maziko, anayesikilizwa na watu kuliko ofisa aliyesoma: wakikiri kuwa watu wanamsikiliza kwa sababu anasema kweli, wangelazimika kujibu hoja yake. Wakimwita mchawi, hapana haja ya jibu. Unamfunga tu.

Miaka mia moja na zaidi imepita, na katika kaunti hiyo hiyo iliyomzaa na kumzika, wazee wanauawa kwa neno hilo hilo. Kila mwaka tunasikia habari za bibi au babu aliyekatwa mapanga usiku kwa sababu mtoto wa jirani aliugua, au kwa sababu nywele zake zimekuwa nyeupe na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini. Polisi wamesema, machifu wamesema, maimamu na mapadri wamesema, na wazee wa kaya nao wamesema, kuwa nyuma ya uchawi mara nyingi kuna ekari za shamba na kijana asiyekuwa na subira ya kurithi. Na tusijidanganye kuwa ni mambo ya bara na hayatuhusu sisi wa mji. Mara ngapi katika baraza zetu za kahawa mwanamke mzee anayeishi peke yake ametajwa kwa sauti ya chini, na sisi tukatikisa kichwa na kunywa funda jengine? Neno lile huanza hivyo hivyo, kwa watu wazima wenye kofia safi, kabla ya kufika kwa kijana mwenye panga.

Dini yetu imetuamuru juu ya wazee wetu jambo lililo wazi kabisa, hata neno la kuguna tumekatazwa kuwaambia. Mila ya Mijikenda nayo iliweka baraza zima mikononi mwa wazee. Hakuna upande wowote kati ya hizi mbili ambao kijana wa kumkata bibi yake anaweza kuutegemea.

Kaya Godoma, huko ndani ya Kilifi, imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizi. Wanaishi huko wake kwa waume, mbali na mashamba waliyoyafyeka wakiwa vijana, wakingoja watoto wao watume neno kuwa sasa ni salama kurudi. Baadhi yao wana umri kama aliokuwa nao Mnyazi alipotoka magharibi na kuanza kutembea kurudi kwao.